Nyumba ya mawe Lunigiana, Italia, inauzwa euro 35,000. Kwa nini bei hii?

#1 Mtoro wa Tanga
Wakuu salaam.

Niko Parma mwaka wa tisa, nafanya kazi ghala la vyakula. Jumapili mbili zilizopita nilishuka Aulla kumsalimia rafiki, nikapita mbele ya dirisha la dalali wa nyumba, nikaona tangazo ambalo tangu siku hiyo halijanitoka kichwani. Nalitafsiri kama lilivyo:

"Rustico ya mawe, ghorofa moja juu na ghala chini, mita za mraba 130, ya kukarabati. Banda la kukaushia castagne. Ardhi hekta moja na nusu: mizeituni, msitu wa castagne, kisima. Mandhari ya wazi. Euro 35,000, maelewano yapo."

Rustico ni nyumba ya zamani ya shamba. Castagne ni zile njugu kubwa za kahawia wanazochoma barabarani wakati wa baridi. Nyumba iko juu milimani, manispaa ya Fivizzano, eneo linaloitwa Lunigiana, kona ya kaskazini kabisa ya Toscana.

Euro 35,000 ni karibu shilingi milioni 100. Kwa pesa hiyo Dar unapata kiwanja kitupu, tena bado una kazi ya kuvuta maji. Hapa wanauza nyumba, ardhi, miti na kisima, kwenye mkoa ambao dunia nzima inauota. Naomba wenye uzoefu mniambie: kwa nini bei hii? Kuna nini?

#2 Kungwi
Bei hiyo mbona kubwa, mkuu? Italia wanagawa nyumba kwa euro moja. Subiri zako.

#3 Mchungaji wa Napoli
Kungwi, hilo la euro moja linasemwa nusu. Wazo lilianza kusikika mwaka 2008 Salemi, Sicilia, mji ulioharibiwa na tetemeko la 1968. Baadaye miji mingi ikaiga: Gangi, Mussomeli, na Sambuca di Sicilia iliyovuma sana 2019. Sambuca haikuwa bei ya euro moja, ulikuwa mnada unaoanzia euro moja, na nyumba zilifika maelfu.

Tena kuna masharti. Kwa kawaida unaweka dhamana, euro 5,000 hivi, na unapewa muda, mara nyingi miaka mitatu, ukarabati uwe umekamilika. Usipokamilisha, dhamana inaliwa. Nyingi ya nyumba hizo ziko katikati ya mji mkongwe, zimebanana, gari halifiki, kila tofali linapandishwa kwa mkono. Aliyoleta mleta mada ni kitu kingine: nyumba ya shamba, imesimama peke yake, na ina ardhi.

#4 Kungwi
Nimekubali, asante kwa somo. Lakini swali limebaki palepale.

#5 Daftari la Kale
Jibu liko kwenye historia, na neno lenyewe ni *mezzadria*. Mwenye shamba anatoa ardhi na nyumba, familia ya mkulima inatoa nguvu zake, mavuno yanagawanywa nusu kwa nusu. Toscana, Umbria na Marche ziliishi hivyo karne kwa karne. Zile nyumba kubwa za mawe mnazoziona kwenye picha, *case coloniche*, zilijengwa kwa ajili ya wakulima hao. Chini ng'ombe, juu watu, na joto la mifugo linapanda kuwapasha waliolala.

Baada ya vita viwanda vya Torino na Milano vikaita watu. Mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria. Familia zikafunga milango zikaondoka. Ndiyo maana nyumba zipo na watu hawapo. Hakuna mchawi wala siri, ni wimbi la uhamaji lililopita miaka sitini iliyopita na kuacha mawe nyuma.

#6 Shangazi wa La Spezia
Kaka yangu Daftari, uliyoandika ni kweli kwa Siena na Arezzo, lakini Lunigiana ni milima. Huku wengi walikuwa wakulima wadogo wenye vipande vyao wenyewe: kipande cha mizabibu hapa, kipande cha msitu kule, na wengi waliishi kwa castagne. Mti wake waliuita mti wa mkate. Wanazikausha, wanazisaga, unga huo ndio chakula cha msimu mzima wa baridi. Kilichowaondoa hapa hakikuwa mwenye shamba. Ulikuwa umaskini wa mlima, na magonjwa ya miti. Ugonjwa unaokausha gome la mti wa castagne ulionekana Italia mara ya kwanza mwaka 1938 karibu na Genova, ukasambaa. Mti wa mkate ukiugua, mtu anabaki kufanya nini?

#7 Daftari la Kale
Nimesahihishwa, Shangazi. Nilikuwa nawaza Toscana moja kumbe ziko kadhaa.

#8 Mpemba Halisi
Mimi naona bei inatokana na warithi. Angalia nyumba za wazee wetu pale Wete na Chake: babu kafariki, watoto saba, wajukuu thelathini, mmoja yuko Muscat, mmoja Toronto, nyumba inaanguka huku kila mtu ana fungu lake. Naamini hata huko ni hivyo hivyo.

#9 Mchungaji wa Napoli
Ni hivyo hivyo, na ni zaidi. Sheria yao inawalinda watoto na mwenza, huwezi kumnyima mwanao fungu lake. Vizazi vitatu bila kugawana, nyumba moja inakuwa na wamiliki kumi na mbili, na kila mmoja lazima asaini au atoe uwakala. Walihamia Argentina, Ubelgiji, Australia. Ukimkosa mmoja, huna nyumba.

Mtoro, kitu cha kwanza: omba *visura catastale*, ile karatasi ya daftari la majengo na ardhi. Itakuonyesha majina yaliyoandikwa humo na mafungu yao. Karatasi hiyo peke yake si ushahidi kamili wa umiliki, atakayechimba zaidi ni *notaio*, afisa wa umma anayesaini hati za mauzo. Lakini ukiona majina tisa, ujue safari ni ndefu.

#10 Saruji na Nondo
Wakuu, mnazunguka. Bei ni ndogo kwa sababu gharama imefichwa ndani ya kuta. Nasema kwa yaliyonikuta.

Mimi na mke wangu, yeye ni wa huku, tulinunua rustico Piemonte mwaka 2019. Euro 41,000, mita za mraba 110. Tulipomaliza kukarabati tulikuwa tumetumia euro 148,000, na hapo lipu ya ndani nilipiga mwenyewe likizo zote mbili. Paa peke yake lilimeza euro 46,000. Tulidhani kenchi ni nzima, fundi alipochomeka bisibisi kwenye boriti ya castagno, yaani mti wa castagne, ikazama mpaka kwenye mpini. Kwa nje mti mzuri, ndani unga.

Kisha msaada wa serikali uliotuponza. Mwaka 2020 walileta *Superbonus*, asilimia 110 ya gharama inarudi kwa njia ya kodi. Watu nchi nzima wakakimbilia. Vyuma vya kupandia havipatikani, mafundi hawapatikani, bei zikaruka. Februari 2023 serikali ikazuia kuhamisha yale madai ya kodi kwenda benki, na sisi tulikuwa katikati ya kazi. Kampuni ya ujenzi tuliyoipa kazi ikatoweka na awamu ya kwanza ya malipo. Mke wangu alilia, mimi nilikosa usingizi miezi minne.

Nyumba leo ni nzuri. Asubuhi unafungua dirisha unaona Alpi. Lakini mtu asikwambie umenunua kwa 41,000.

#11 Mtoro wa Tanga
Pole sana mkuu. Hiyo bisibisi nimeiandika kwenye daftari langu. Je, misaada hiyo bado ipo?

#12 Saruji na Nondo
Ule mkubwa umekwisha makali. Ule wa kawaida wa ukarabati upo, unarudishiwa sehemu kwa miaka kumi, na makao ya kudumu yanapewa zaidi kuliko nyumba ya pili. Lakini unakatwa kwenye kodi ya mapato unayolipa Italia. Wewe unalipa kodi Parma, utafaidi. Ndugu yako aliye Tanga, asiyelipa kodi huku, hapati kitu.

#13 Mwana Mitetemo
Nimesoma posti zote na hakuna aliyegusa ardhi yenyewe. Fivizzano! Tarehe 7 Septemba 1920 tetemeko lilipiga Lunigiana na Garfagnana, na Fivizzano ilikuwa katikati yake. Italia nzima imepangwa kwa kanda za mitetemo kuanzia 1, iliyo hatari kuliko zote, hadi 4. Nimeishi L'Aquila. Usiku wa tarehe 6 Aprili 2009 watu 309 walikufa. Mwaka 2016 Amatrice, watu karibu 300. Nyumba nyingi zilizoanguka ni hizi hizi za mawe.

Tena sikilizeni hili. Miaka ya sabini na themanini watu walitoa mapaa ya mti wakaweka zege, wakidhani wanaimarisha. Zege zito juu ya ukuta wa mawe yaliyounganishwa kwa udongo ni sawa na kumbebesha mtoto gunia. Ardhi ikitikisika ukuta unapasuka tumbo, paa linashuka zima. Mtoro, utakapokwenda kuiona nyumba, tazama kuta za nje kama kuna vyuma vya msalaba au vya duara vimeng'ang'ania ukutani. Hivyo ni vichwa vya *catene*, nondo ndefu zinazopita ndani kutoka ukuta hadi ukuta na kuufunga. Nyumba yenye catene ina mtu aliyeifikiria.

#14 Fundi Chokaa
Nimeingia uzi huu kwa sababu ya neno lipu. Mimi ni fundi wa majumba ya kale, Mji Mkongwe Zanzibar, na nimewahi kufanya kazi Lamu. Mtoro, una picha ya ukuta? Lipu ni ya chokaa au ya saruji? Na kuna mstari wa unyevu chini?

#15 Mtoro wa Tanga
Sijaingia ndani bado, Fundi, nina picha za dalali tu. Upande wa mbele umepigwa lipu ya kijivu, imebanduka kuanzia chini mpaka kama kimo cha kiuno, na penye kubanduka pana unga mweupe. Upande wa nyuma mawe yako wazi.

#16 Fundi Chokaa
Basi umeshanijibu. Hiyo ya kijivu ni saruji, na ule unga mweupe ni chumvi.

Ukuta wa mawe wa zamani unakunywa maji kutoka ardhini. Hilo si ugonjwa, ndivyo ulivyo. Ukipakwa chokaa, unyevu unatoka taratibu na upepo unauchukua. Ukiufunga kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi, chumvi ikikauka inavimba na kusukuma lipu. Mwenye nyumba anaona lipu imebanduka, anaongeza saruji. Mwaka wa tatu imebanduka tena, juu zaidi. Nimeyaona haya Shangani, Malindi ya Unguja, Mkunazini. Matumbawe na jiwe la Italia ni ndugu kwa hili.

Na boriti zetu za mikandaa ni kama hizo boriti zao za castagno. Sisi urefu wa mkandaa ndio ulioamua upana wa chumba, kama mita tatu kasoro, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Nani anajua wao juu ya boriti wanaweka nini?

#17 Saruji na Nondo
Fundi, kwa Toscana ni vitofali vyembamba vya udongo wa kuchoma, wanaviita *pianelle*, vinalazwa juu ya vijiti vya mti, halafu vigae. Kwetu Piemonte ilikuwa mbao. Na hilo la saruji ningelijua mapema nisingepoteza euro elfu nne. Chumba cha kaskazini nilikipiga saruji kwa mkono wangu, leo kina ukungu mweusi nyuma ya kabati.

#18 Fundi Chokaa
Bandua yote, kaka. Acha ukuta upumue hata kiangazi kizima kabla ya kupaka tena. Usiwe na haraka. Chokaa haipendi haraka.

#19 Kungwi
Huu uzi umeanza kwa dalali wa Aulla umefika Shangani 😄 Endeleeni, mimi nimeshavuta mkeka.

#20 Wakili Msomi wa Pwani
Nirudishe kwenye sheria kidogo. Mtoro, ardhi hekta moja na nusu ni shamba. Sheria ya Italia inampa jirani aliye mkulima wa kweli, *coltivatore diretto*, haki ya kununua kwanza kwa bei ile ile. Muuzaji lazima amjulishe, na jirani ana siku 30 za kuamua. Asipojulishwa, ana mwaka mmoja tangu mauzo yasajiliwe kuja kuichukua ardhi kwa kulipa bei iliyoandikwa kwenye hati. Hapo wewe umeshafyeka magugu.

#21 Mpemba Halisi
Hiyo ndiyo shufaa! Jirani na mbia wana haki mbele ya mgeni. Nilidhani ni fikihi yetu peke yetu.

#22 Wakili Msomi wa Pwani
Shufaa kwa kuwa jirani, madhehebu yanatofautiana, Mahanafi ndio wanaompa jirani. Lakini wazo ni moja. Na kuna jingine litakalokufurahisha, ndugu wa Pemba. Wakati wa kusaini mkataba wa awali, *compromesso*, unatoa *caparra*. Mnunuzi akirudi nyuma, caparra imekwenda. Muuzaji akirudi nyuma, anarudisha mara mbili. Hiyo "arra" iliyomo ndani ya caparra imetoka kwenye Kigiriki, na Wagiriki waliichukua kwa Wasemiti. Ni mzizi ule ule uliotupa sisi, kupitia Kiarabu, *arubuni*. Mtoro akitoa caparra Aulla, ametoa arubuni.

#23 Mtoro wa Tanga
Bibi yangu alikuwa akisema "usitoe arubuni kabla hujamwona ng'ombe akitembea." Nimeelewa.

#24 Malindi Kwetu
Mimi niko Malindi, Kenya, na hapa Waitaliano ni majirani zetu. Walianza kuja miaka ya sitini na kile kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco pale Ngomeni, baadaye wakajenga hoteli na majumba, mpaka wauza madafu wanaongea Kiitaliano. Nimekua nikiona wao wakinunua kwetu. Leo naona Mswahili anataka kununua kwao, moyo umefurahi kweli.

Swali langu: mimi Mkenya niliye hapa Malindi, sina kibali cha Italia, naweza kununua hiyo nyumba?

#25 Wakili Msomi wa Pwani
Hapo ndipo penye kona. Italia ina kanuni ya *reciprocità*, ya tangu 1942: mgeni anaruhusiwa kile ambacho Mtaliano anaruhusiwa katika nchi ya mgeni huyo. Mwenye kibali halali cha kuishi Italia kwa kazi au familia hahusiki nayo. Kwa hiyo Mtoro wa Parma yuko salama. Wewe wa Malindi, notaio ataangalia kwanza Kenya inamruhusu Mtaliano nini.

#26 Malindi Kwetu
Si wananunua? Malindi nzima ni yao!

#27 Wakili Msomi wa Pwani
Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65: asiye raia anamiliki ardhi kwa upangaji usiozidi miaka 99. Je, huko ni kununua au kupanga? Kwa Tanzania ni kugumu zaidi, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mtu anaweza kusema basi Mtanzania naye ananunua Italia kwa uwekezaji tu. Mwingine atasema jengo si ardhi. Nimesikia hoja zote mbili kwa watu wanaojua kazi yao.

#28 Mchungaji wa Napoli
Mimi nasimama na hoja ya pili, nyumba ni nyumba. Lakini atakayeamua ni notaio, maana yeye ndiye afisa wa umma anayesaini, na hataki hati yake ibatilishwe. Muulizeni kabla ya kutoa arubuni.

Na nyongeza kwa wote: kununua nyumba hakukupi kibali cha kuishi. Asiye na kibali atakuja kwa viza, siku 90 ndani ya kila siku 180, kisha aondoke aiache nyumba yake.

#29 Malindi Kwetu
Inaniuma kidogo. Lakini asanteni kwa kusema wazi.

#30 Mhasibu Mkimya
Sababu nyingine ya bei: kodi. Nyumba ya pili inalipiwa kodi ya manispaa, IMU, kila mwaka, hata kama hailaliwi. Lakini jengo lililoandikishwa kuwa gofu, daraja F/2, halina thamani ya kikodi, halilipi. Wapo waliobomoa paa la nyumba ya babu yao makusudi ili liwe gofu. Kwa hiyo Mtoro angalia daraja: kama ni A, ni makazi, kama ni F/2, ni gofu hata dalali akiita rustico.

Kwenye kununua kwa mtu binafsi, kodi ya usajili ni asilimia 9 ya thamani iliyoandikwa kwenye daftari la majengo, au 2 kama utahamishia makao yako ndani ya miezi 18. Ardhi ya kilimo ni asilimia 15 kwa asiye mkulima. Ongeza notaio, ongeza dalali, maana huku dalali analipwa na pande zote mbili.

#31 Mwana Mitetemo
Na paa! Kama kuna mabati ya kijivu yenye mawimbi juu ya banda, hayo huenda ni ya asbesto. Italia iliyapiga marufuku 1992. Kuyatoa kunataka kampuni yenye kibali, usipande mwenyewe na nyundo.

#32 Dada wa Mkate
Nimesoma yote ila nina njaa. Huko Lunigiana si ndiko kwenye *testaroli*? Unga na maji na chumvi, wanamimina kwenye chuma kizito kilichopashwa moto, wanafunika mfuniko nao una moto. Niliona nikacheka, nikasema hawa wanapika mkate wa kumimina! Moto chini, moto juu, kama tunavyopalia makaa. Halafu wanakata vipande, wanatia kwenye maji ya moto kidogo, wanakula na majani ya rehani yaliyopondwa na mafuta ya zeituni.

#33 Kungwi
Bila iliki?

#34 Dada wa Mkate
Bila iliki, bila nazi, na ni tamu.

#35 Shangazi wa La Spezia
Wanangu, mmesema vita, warithi, tetemeko, kodi, saruji. Na mimi niseme nilichokisikia kwa masikio yangu.

Namtunza bibi wa miaka 91. Alizaliwa kwenye nyumba kama hiyo, si mbali na Fivizzano. Juzi nilimwonyesha picha ya hili tangazo kwenye simu. Nilidhani atafurahi. Aliishika simu kwa mikono yote miwili, akakaa kimya, halafu akaniuliza: "Maji yako wapi?"

Nikamwambia kuna kisima. Akasema kwao pia kulikuwa na kisima, na kila Agosti kilikauka, na yeye akiwa na miaka minane alikuwa akishuka na mama yake mpaka bondeni na ndoo za shaba, mara tatu kwa siku. Oktoba na Novemba kulikuwa na lile banda, wao wanaliita *gradile*. Castagne juu ya tambarare ya vijiti, moto wa moshi chini, mwezi mzima usizimike. Watoto walipokezana kuulinda. Akasema mpaka leo akinusa moshi wa kuni macho yanamwasha. Kaka yake mkubwa alikwenda Ubelgiji kwenye makaa ya mawe, wale waliochukuliwa kwa makubaliano ya 1946. Yeye na dada zake walishuka La Spezia kufanya kazi za ndani. Walikataa kuolewa na wanaume wa mlimani. Alisema wasichana wote wa kijiji walikataa, mmoja mmoja, na kijiji kikafa kwa kukosa mabibi harusi.

Nikamuuliza, mama, ungerudi? Akasema: "Kuangalia, ndiyo. Kulala, hapana."

#36 Daftari la Kale
Shangazi, hayo ndiyo yanayokosekana kwenye vitabu vyangu. Shukrani.

#37 Fundi Chokaa
Kuta za hilo banda la moshi zitakuwa nyeusi kama chungu. Mtoro, usizisugue. Waambie na mafundi.

#38 Saruji na Nondo
Namheshimu Shangazi, lakini sikubali kuwa maji ndiyo sababu ya bei ya leo. Leo kuna pampu, kuna matangi. Sababu ni gharama ya ukarabati, basi. Lipa euro 35,000 za kununua, ongeza 130,000 za kukarabati, utapata bei halisi ya nyumba nzima eneo hilo. Soko linajua hesabu.

#39 Mwana Mitetemo
Soko lingejua hesabu, nyumba za kanda ya 2 zingeuzwa tofauti na za kanda ya 4. Watu wananunua mandhari.

#40 Mpemba Halisi
Warithi. Nimemaliza.

#41 Mtoro wa Tanga
Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilikwenda na *geometra*, mpimaji wa huko, nimemlipa mwenyewe, si wa dalali.

Njia ya mwisho, kama mita 400, ni ya changarawe na inapita kwenye ardhi ya mtu mwingine. Geometra anasema haki ya kupita iwe imeandikwa, ataitafuta. Catene zipo mbili upande wa bonde, vichwa vya duara, vina kutu lakini vimeshika. Upande wa mlima hakuna. Paa ni la mti, siyo zege. Nilichomeka bisibisi kwenye boriti sita: tano ngumu, moja, ile iliyo chini ya bomba la moshi, imezama yote. Banda la castagne lina kuta nyeusi zinazong'aa kama zimepakwa lami, na ukiingia bado panafuka harufu ya moshi, sijui moto wa mwisho uliwashwa lini. Ukutani mtu amechora mistari ya mkaa kwa makundi ya tano tano. Nilihesabu mpaka 34 nikaacha.

Visura ina majina saba. Sita wako tayari kusaini. Wa saba aliandikishwa kwenda Argentina, na jina lake halijafutwa. Kuna jirani mwenye kondoo, geometra anasema huyo ni coltivatore diretto kamili. Nilipomsalimia aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga, akauliza kama Tanga kuna milima. Nikamwambia Usambara. Akanipa jibini.

Bei wameshusha, 31,000. Arubuni sijatoa.

#42 Mpemba Halisi
Argentina! Nilisema.

#43 Saruji na Nondo
Boriti moja mbovu kati ya sita ni nafuu sana. Zangu zilikuwa nne. Niambie kuhusu shimo la maji machafu, lipo?

#44 Mtoro wa Tanga
Hakuna. Choo kilikuwa nje.

#45 Shangazi wa La Spezia
Mwanangu, kisima ulikifungua?

#46 Mtoro wa Tanga
Nilikifungua, Shangazi. Nilitupa jiwe, nikasikia maji. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

#47 Shangazi wa La Spezia
Basi rudi Agosti.